Jelena wa Montenegro, Malkia Elena wa Italia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Binti huyu alizaliwa katika nchi ndogo ya majabali, akaozwa kwenye ufalme wa watu zaidi ya milioni thelathini, na akazikwa katika nchi ya tatu. Wengi hulijua jina lake kwa kipande tu: aliyemsikia katika habari za Messina hajui alikotoka, na aliyemsikia katika habari za Balkani hajui alikoishia. Majibu yafuatayo yanajaribu kuviunga vipande hivyo. Swali lenye mengi nimelijibu kwa urefu, lenye machache nimelipitia upesi.

Jelena ni nani, na kwa nini ana majina mawili?

Jelena Petrović-Njegoš alizaliwa tarehe 8 Januari 1873 mjini Cetinje, makao ya watawala wa Montenegro. Baba yake alikuwa Nikola wa Kwanza, mama yake Milena Vukotić. Mwaka 1896 aliolewa na Vittorio Emanuele, mrithi wa kiti cha Italia, na tangu hapo jina lake likaandikwa Kiitalia: Elena. Ukikuta Jelena huku na Elena kule, ni mtu mmoja. Hapa nitamwita Jelena mpaka siku anapovuka bahari, na baada ya hapo Elena.

Montenegro ya utoto wake ilikuwa nchi ya namna gani?

Wenyeji huiita Crna Gora, yaani Mlima Mweusi. Ilikuwa nchi ya mawe, mbuzi na bunduki, yenye watu wapatao laki mbili na ushei. Mataifa makubwa yaliitambua rasmi kuwa nchi huru katika Mkutano wa Berlin wa 1878, Jelena akiwa na miaka mitano, na hapohapo ikapata mlango wa bahari kupitia mji wa Bar. Mji wake mkuu wenyewe ulikuwa na wakazi elfu chache tu, na nyumba ya mtawala isingemshangaza tajiri wa kawaida wa Vienna.

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika, nalo ndilo ufunguo wa habari yote hii. Tangu 1697 ukoo wa Petrović ulitawala kupitia maaskofu. Askofu wa Kiorthodoksi haoi, kwa hiyo uongozi ulikwenda kwa mtoto wa ndugu yake. Kwa zaidi ya miaka mia na hamsini mtawala hakuwa na mke wala binti wa kuoza. Mwaka 1852 Danilo aliuacha uaskofu akatawala kama mwanamfalme, na alipouawa Kotor mwaka 1860, Nikola, mtoto wa kaka yake, akashika nafasi akiwa na miaka kumi na minane tu. Mwaka huohuo akamwoa Milena, msichana wa miaka kumi na mitatu, binti wa rafiki wa baba yake. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa changa mno katika mambo ya ukwe wa kifalme. Ilijifunza haraka.

Kwa nini Nikola aliitwa baba mkwe wa Ulaya?

Kwa sababu alipata watoto kumi na wawili, tisa kati yao wa kike, na akawaoza kwenye nyumba kubwa kuliko yake. Hupewa yeye msemo kwamba bidhaa ambayo nchi yake inauza nje ni mabinti. Awe alisema au hakusema, ndivyo ilivyokuwa.

Zorka, wa kwanza, aliolewa mwaka 1883 na Petar Karađorđević, aliyekuwa mkimbizi wa Kiserbia akidai kiti cha ufalme. Milica na Anastasia, aliyeitwa Stana nyumbani, walipelekwa Urusi, na wote wawili wakaolewa 1889: Milica na Pyotr Nikolaevich wa ukoo wa tsar, Stana na Duke wa Leuchtenberg, ambaye baadaye waliachana. Mwaka 1907 Stana aliolewa tena, na Nikolai Nikolaevich, kaka wa shemeji yake, yule aliyeongoza majeshi ya Urusi vita vya 1914 vilipoanza. Ana aliolewa na Franz Joseph wa Battenberg mwaka 1897. Wengine walikufa wadogo au hawakuolewa.

Milica na Stana ndio waliomkutanisha Rasputin, yule mtu wa dini aliyejidai mponyaji, na Tsar Nikolai wa Pili mnamo Novemba 1905. Hiyo ni habari ndefu inayojitegemea, lakini inaonyesha jinsi mabinti wa Cetinje walivyofika ndani kabisa.

Jelena alisomea wapi?

Alisoma Smolny, shule ya mabinti wa wakubwa mjini Saint Petersburg, kama dada zake. Urusi ilikuwa mlezi wa Montenegro: ilitoa fedha, silaha, na masomo ya mabinti hawa. Kila mtu alitarajia kwamba Jelena naye angeolewa hukohuko.

Basi kwa nini Italia ilikuja kuposa Cetinje?

Sababu ya kwanza ilikuwa ndani ya damu. Mfalme Umberto wa Kwanza na mkewe Margherita walikuwa binamu wa kwanza, watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja. Walipata mtoto mmoja tu, Vittorio Emanuele, aliyezaliwa Naples mwaka 1869, na mtoto huyo alikuwa mfupi mno mwenye miguu dhaifu. Kimo chake cha utu uzima kilikuwa kama sentimita 153. Nyumba ya Savoia, yaani ukoo wa wafalme wa Italia, ilihitaji damu isiyokuwa na udugu nayo, na mabinti wa Nikola walisifika kwa urefu, uzuri na afya. Jelena alikaribia sentimita 180.

Sababu ya pili ilikuwa dini na siasa. Papa alikuwa bado amenuna, kwa kuwa Ufalme wa Italia ulimnyang'anya Roma mwaka 1870, na nyumba nyingi za kifalme za Kikatoliki hazikupenda kumtoa binti kwa Savoia. Bibi harusi wa Kiorthodoksi aliye tayari kubadili dini aliondoa usumbufu huo.

Sababu ya tatu ni bahari ya Adria. Ng'ambo yake palikuwa na dola la Austria, na Italia ilitaka rafiki upande ule pamoja na njia ya kuzungumza na Urusi. Waziri Mkuu Francesco Crispi aliisukuma posa hii pamoja na Malkia Margherita. Crispi mwenyewe alitoka katika jamii ya Waalbania waliohamia Sisilia karne nyingi nyuma, kwa hiyo pwani ya pili ya Adria haikuwa ngeni kwake.

Je, wao wenyewe walipendana au walipangiwa tu?

Walipangiwa, kisha wakapendana. Mwaka 1895 Jelena na familia yake walialikwa Venice kwenye maonyesho ya sanaa, yaliyokuwa ya kwanza kufanyika. Mwaliko ulikuwa na lake jambo: kijana alitakiwa amwone binti. Walionana tena Moscow, Mei 1896, Nikolai wa Pili alipovikwa taji, na baada ya hapo Vittorio Emanuele hakuhitaji tena kusukumwa. Majira yaleyale ya joto alikwenda Cetinje kuposa.

Mtu mwenye haya, msomi wa sarafu za kale, aliyezoea kudhihakiwa kwa kimo chake, alikuwa amepata mwanamke aliyemtazama bila dharau. Naamini hilo lilikuwa na uzito kuliko hesabu zote za Crispi.

Alilazimishwa kubadili dini?

Bila kubadili dini ndoa isingekuwapo. Aliondoka bandari ya Bar, akavuka Adria hadi Bari, na tarehe 21 Oktoba 1896 akaukana Uorthodoksi na kupokewa Kanisa Katoliki ndani ya Basilika ya Mtakatifu Nikolao.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa uangalifu. Mifupa ya Mtakatifu Nikolao iko pale, na Waorthodoksi humheshimu mtakatifu huyo sana. Hata baba yake Jelena alilibeba jina hilo. Ni kama kumwambia binti: unavuka, lakini kizingiti unakijua. Mama yake, Milena, hakuja harusini, na wengi wameeleza kwamba sababu ya kutokuja kwake ni uchungu wa dini. Nchi hii ilikuwa imepigania Uorthodoksi wake kwa vizazi, ikiongozwa na maaskofu wa ukoo uleule wa bibi harusi. Mzazi aliyewahi kuona mtoto akiiacha imani ya nyumbani ataelewa bila kuhitaji maelezo zaidi.

Kwa nini harusi yenyewe ilikuwa ya kimya?

Kwa sababu ya Adwa.

Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia lilishindwa vibaya na jeshi la Menelik wa Pili na Malkia Taytu katika milima ya kaskazini ya Ethiopia. Maelfu waliuawa na maelfu wakatekwa. Siku chache baadaye Crispi, mposaji wa harusi hii, akajiuzulu. Ilipofika tarehe 24 Oktoba, siku ya ndoa, nyumba nyingi za Italia zilikuwa na msiba, na mateka bado walikuwa mikononi mwa Menelik. Mkataba wa amani wa Addis Ababa ulitiwa saini mwezi huohuo wa harusi.

Ndoa ya kiserikali ilifungwa Ikulu ya Quirinale, ya kanisani ikafungwa Santa Maria degli Angeli, kanisa lililojengwa ndani ya magofu ya hamamu ya Diocletian. Wageni kutoka nyumba nyingine za kifalme walikuwa wachache. Magazeti ya Italia yaliibeza, yakaiita harusi ya tini zilizokaushwa, yaani karamu ya maskini.

Nimeliweka jambo la Adwa wazi kwa sababu vitabu vingi vya Ulaya huligusa kwa sentensi moja. Binti huyu aliingia Roma chini ya kivuli cha ushindi wa Waafrika, na kivuli hicho kilimfuata miaka arobaini. Tutakifikia.

Wakwe walimpokeaje?

Margherita, mamamkwe wake, aliyeitaka ndoa hii, alimtendea kwa adabu. Walakini alikuwa malkia wa lulu na mikutano ya wasomi, na Elena alikuwa mwanamke wa kuvua samaki, kupiga picha na kulenga shabaha. Kila mmoja alikaa kwenye ulimwengu wake.

Ukali ulitoka kwa Hélène wa Orléans, binti wa ukoo wa wafalme wa Ufaransa, aliyekuwa ameolewa na Duke wa Aosta, binamu wa Vittorio Emanuele. Inasimuliwa kuwa alimwita Elena mchunga kondoo. Nyuma ya dharau hiyo palikuwa na hesabu. Elena alikaa karibu miaka mitano bila mtoto, kisha akazaa mabinti wawili mfululizo, na mabinti hawakuruhusiwa kurithi kiti cha Savoia. Mpaka mwana wa Elena, Umberto, alipozaliwa Septemba 1904, warithi waliofuata walikuwa mume wa Hélène na wanawe.

Mwana mkubwa wa Hélène, Amedeo, ndiye aliyekuja kuwa mtawala wa Italia mjini Addis Ababa kuanzia 1937. Alijisalimisha kwa Waingereza Amba Alagi mwaka 1941, akafa akiwa mfungwa wa vita Nairobi mnamo Machi 1942, na kaburi lake lipo Nyeri, katika kanisa la ukumbusho la Waitalia. Mkenya anayepita njia ya Nyeri anapita karibu na kipande cha ugomvi huu wa mawifi.

Ndoa yao ilikuwaje baada ya milango kufungwa?

Ilikuwa ndoa njema. Walianza maisha Naples, ambako mume alikuwa na kazi ya jeshi. Julai 1900 walikuwa safarini baharini Mfalme Umberto, baba wa Vittorio Emanuele, alipopigwa risasi na Gaetano Bresci mjini Monza; wakarudi nchi kavu wakiwa mfalme na malkia.

Hawakupenda kulala Quirinale. Waliishi Villa Savoia, nyumba yenye bustani kubwa pembezoni mwa Roma, bila dhifa nyingi. Elena alilea watoto wake mwenyewe, watano kwa jumla: Yolanda, Mafalda, Umberto, Giovanna na Maria Francesca. Hakuna kashfa ya mwanamke wa pembeni iliyowahi kumwandama Vittorio Emanuele, jambo lililokuwa adimu katika ukoo wake. Baba yake Umberto alikuwa na hawara aliyejulikana na mji mzima.

Kwa nini Waitalia humkumbuka kwa Messina?

Alfajiri ya tarehe 28 Desemba 1908 ardhi ilitetemeka pande zote mbili za mlango wa bahari wa Messina, kati ya Sisilia na Italia bara. Nyumba zikaanguka watu wakiwa vitandani, kisha bahari ikapanda juu ya waliokimbilia ufukweni. Messina na Reggio Calabria zilikuwa karibu kufutika. Waliokufa wanakadiriwa kuwa elfu themanini au zaidi.

Msaada wa kwanza kufika ulitoka kwa mabaharia wa meli za kivita za Urusi zilizokuwa karibu. Mfalme na malkia walifika siku mbili baadaye. Mfalme alikwenda kukagua vifusi. Elena akaingia kwenye kazi ya uuguzi melini, akifunga vidonda, akipokea watoto waliotolewa kwenye mawe bila wazazi. Kulikuwa na meli iliyoitwa kwa jina lake, Regina Elena, nayo ilifanywa hospitali.

Sijui maneno ya kueleza hili bila kulipamba, kwa hiyo nitalisema lilivyo. Malkia wa zama zile alitarajiwa kutoa fedha, kutembelea wodi akiwa amevaa glavu, na kuondoka. Huyu alikunja mikono. Alitoka katika nchi ambako vita na mazishi vilikuwa mambo ya kila kizazi, na wanawake ndio waliobeba majeruhi kushuka mlimani. Walichokiita uchunga kondoo kule Roma ndicho kilichomfaa Messina. Wakazi wa mji huo walimsimamishia sanamu mwaka 1960, miaka kumi na minne baada ya Italia kuwa jamhuri. Hawakuwa na haja ya kumpendeza mtu yeyote.

Vita vya 1915 vilipofika Italia, aliigeuza Quirinale kuwa hospitali ya majeruhi, na kumbi za dhifa zikapangwa vitanda. Baadaye taasisi ya saratani iliyofunguliwa Roma mwaka 1933 ilipewa jina lake, na mwaka 1937 Papa Pius wa Kumi na Moja akamtunuku Waridi la Dhahabu, heshima ambayo Kanisa huwapa wachache.

Je, ndoa hii iliisaidia Montenegro?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hamu zaidi, na jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa muda mfupi.

Mwanzoni ilileta heshima. Mtawala wa Cetinje sasa alikuwa mkwe wa Quirinale. Mwaka 1910, akitimiza miaka hamsini ya utawala, Nikola alijitangaza kuwa mfalme, na Vittorio Emanuele na Elena wakahudhuria sherehe.

Kisha ikaja 1914. Montenegro iliingia vitani upande wa Serbia. Januari 1916 Waaustria wakauteka mlima Lovćen, ngome ya Cetinje, na Nikola akakimbilia Italia, halafu Ufaransa. Mkwe wake alikuwa na jeshi na manowari ng'ambo tu ya bahari, lakini Italia ilikuwa na mipango yake juu ya pwani ile, na kuwafia Wamontenegro haikuwa mmojawapo.

Pigo la mwisho lilitoka kwenye ukwe mwingine. Zorka, binti mkubwa, alifariki Cetinje mwaka 1890, lakini mumewe alipata ufalme wa Serbia mwaka 1903. Mtoto wao Aleksandar, aliyezaliwa Cetinje katika nyumba ya babu yake mwaka 1888, ndiye aliyekuwa akiongoza Serbia kwa niaba ya baba yake mwaka 1918. Novemba mwaka huo bunge lililokusanywa Podgorica, jeshi la Serbia likiwa limeshika nchi, lilimvua Nikola ufalme na kuiunganisha Montenegro na Serbia. Babu aliondolewa na dola la mjukuu wake. Walioasi Januari 1919 walishindwa. Italia iliwahifadhi askari wa Montenegro waliokimbia, kambi yao ikiwa Gaeta, ila ilipoelewana na Yugoslavia, dola jipya lililozibeba Serbia na Montenegro, kwa mkataba wa Rapallo mwaka 1920, msaada ulikatika.

Nikola alifia Antibes, Ufaransa, Machi 1921. Alikuwa na wakwe Roma, Belgrade na Saint Petersburg. Wa Petersburg waliangushwa na mapinduzi, wa Belgrade walimrithi akiwa hai, na wa Roma walikuwa na mikono iliyofungwa na katiba au na maslahi, chagua mwenyewe. Mabaki yake na ya Milena yalirudishwa Cetinje mwaka 1989.

Na mwaka 1941, Italia ilipoikalia Montenegro?

Italia iliyokuwa imeivamia Yugoslavia ilijaribu kuufufua ufalme wa Montenegro chini ya kivuli chake. Taji alipewa mwanamfalme Mihailo, mtoto wa Mirko, mdogo wake Elena. Mihailo alikataa. Tarehe 12 Julai 1941 ufalme ukatangazwa bila mfalme, na kesho yake nchi nzima ikaasi. Askari waliotumwa kuuzima uasi huo walikuwa askari wa mumewe Elena, wakichoma vijiji vya nchi aliyozaliwa.

Kisa cha pete na Ethiopia ni kipi?

Oktoba 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia, na wengi Italia waliiona vita hiyo kuwa kisasi cha Adwa. Jumuiya ya Mataifa ikaiwekea Italia vikwazo. Serikali ikawaomba wananchi watoe dhahabu zao, na siku kuu ikawa tarehe 18 Desemba 1935. Waliiita siku ya fede, neno ambalo kwa Kiitalia ni imani na vilevile ni pete ya ndoa.

Elena alipanda ngazi za Altare della Patria, mnara wa kumbukumbu ya taifa katikati ya Roma, akavua pete yake na kuitoa. Nyuma yake wanawake walipanga mstari, wajane na wake wa maskini, kila mmoja akiacha dhahabu na kupewa pete ya chuma. Roma peke yake ilikusanya pete kwa mamia ya maelfu.

Pete ile ilivishwa mwaka wa Adwa. Sasa ikawa mali ya vita dhidi ya watu walewale wa Adwa, vita vilivyotumia gesi ya sumu kwa wanavijiji. Wapo wanaomtetea kwamba hakuwa na mamlaka, na ni kweli hakuwa nayo. Wapo wanaosema malkia wa huruma angeweza kuugua siku hiyo. Mimi nimeshindwa kuuondoa mkono ule wa Messina machoni ninapoutazama mkono ulioitoa pete, na sioni haki ya kumsimulia kwa mmoja bila mwingine. Mei 1936 mumewe alitangazwa mtawala wa dola la Ethiopia, na cheo hicho Elena naye akakibeba hadi 1943.

Mabinti zake nao waliozwa kisiasa?

Wawili, na mmoja alikufa kwa sababu ya ndoa hiyo.

Giovanna aliolewa na Boris wa Tatu, mfalme wa Bulgaria, Oktoba 1930, kwenye basilika ya Mtakatifu Fransisko mjini Assisi. Walipofika Sofia ikafanyika ibada ya Kiorthodoksi, na Papa akakasirika. Mama alikuwa ameuacha Uorthodoksi ili awe malkia wa Wakatoliki, na miaka thelathini na minne baadaye binti Mkatoliki akawa malkia wa Waorthodoksi, jirani kabisa na milima ya bibi yake. Sijakuta mahali Elena alipoeleza alichohisi siku ile.

Mafalda aliolewa mwaka 1925 na Philipp wa Hesse, Mjerumani aliyekuja kuwa mjumbe kati ya Hitler na Mussolini. Agosti 1943 Boris alikufa ghafla, na Mafalda akaenda Sofia kumfariji mdogo wake. Akiwa huko Italia ikatangaza kusalimu amri tarehe 8 Septemba. Wazazi wake walitoroka Roma alfajiri iliyofuata kuelekea Brindisi, bila yeye kupewa onyo la maana. Akarudi Roma kuwafuata watoto wake, ambao walikuwa wamefichwa Vatikani. Mwezi huohuo aliitwa kwenye ubalozi wa Ujerumani kwa kisingizio cha kuzungumza na mumewe kwa simu. Mumewe alikuwa tayari kizuizini. Mafalda akapelekwa kambi ya Buchenwald na kufungwa kwa jina la uongo.

Agosti 24, 1944 ndege za Marekani zilishambulia kiwanda cha silaha kando ya kambi. Aliumia mkono vibaya, ukakatwa akiwa amechelewa sana, akafa kabla ya mwezi kuisha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wazazi wake walijua kwa hakika mwaka uliofuata.

Katika yote ambayo ukwe wa kifalme ulimdai Elena, dini, jina, nchi na pete, hili la Mafalda ndilo ambalo hakuna hesabu ya Crispi wala Margherita iliyowahi kulikadiria.

Ni kweli Mussolini alikamatwa nyumbani kwa Elena?

Ndiyo. Tarehe 25 Julai 1943 Mussolini alikwenda Villa Savoia kuonana na mfalme. Alipotoka nje akakamatwa na kuondolewa ndani ya gari la wagonjwa. Watu wa nyumba ile walisimulia baadaye kwamba Elena alikasirika, si kwa kumpenda Mussolini, bali kwa sababu mgeni amekamatwa kwenye kizingiti chao. Katika milima ya kwao mgeni akishaingia uani hata adui yake humwacha. Miaka arobaini na saba ya Roma haikuliondoa hilo.

Aliishia wapi?

Vittorio Emanuele alijiuzulu tarehe 9 Mei 1946, akimwachia mwanawe Umberto, na siku hiyohiyo wakapanda meli Naples kwenda Misri. Kura ya Juni 2 ikaleta jamhuri. Mfalme Farouk aliwapokea Alexandria, na huko Vittorio Emanuele akafariki tarehe 28 Desemba 1947, siku ya kumbukumbu ya tetemeko la Messina.

Elena, akiugua saratani, alihamia Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Alifariki huko tarehe 28 Novemba 1952 na kuzikwa kwenye makaburi ya mji. Katika salamu zake za rambirambi Papa Pius wa Kumi na Mbili alimwita bibi wa matendo ya huruma.

Kaburi lake liko wapi sasa?

Kwa miaka sitini na mitano mke alilala Montpellier na mume Alexandria. Tarehe 15 Desemba 2017 mabaki ya Elena yaliletwa kimyakimya Vicoforte, kwenye patakatifu pa Bikira Maria katika milima ya Piedmont, na siku mbili baadaye yakafuata ya mumewe, yakiletwa na ndege ya jeshi la Italia. Jambo hilo la ndege lilizua kelele, kwa kuwa wengi hawajamsamehe mfalme aliyemfungulia mlango Mussolini na kutia saini sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi za 1938. Wako pamoja sasa, katika kanisa dogo la pembeni, Elena akiwa ametangulia.